Mwiba wa Kujichoma

Jana Baba alisema, akimenya viazi, bila kuinua macho:
"Anayekimbia asipofukuzwa ni mwizi au mgonjwa.
Na mwiba wa kujichoma, Bronka, hauambiwi pole."
Nikanyamaza. Nikabana namba yangu kifuani kwa pini nne,
mia tatu na saba.
Pini moja ikanidunga kidole. Sikusema.

Leo ni sikukuu ya uhuru. Mji umevaa nyeupe na nyekundu,
bendera zimeganda milingotini kama nguo zilizosahauliwa kambani,
Mto Warta unafuka mvuke kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.
Digrii mbili chini ya sifuri.
Tuko mia sita mbele ya ukumbi wa manispaa,
tunarukaruka kama bisi chunguni.
Padri naye yumo, na kaptula,
magoti ambayo parokia haijawahi kuyaona.
Saa tano na dakika kumi na moja
honi ya zimamoto inalia,
tunamwagika.

Kilomita ya kwanza ni ya uongo: mwili unajidhania kijana.
Ya pili, hewa ni wembe.
Ya tatu, kwenye kona ya duka la mikate,
Witek wangu, na Kalina mabegani mwake,
na bango aliloliandika mwenyewe, herufi D imegeukia nyuma:
MAMA BADO.
Alikusudia "Mama, bado kidogo," Witek alinieleza baadaye,
karatasi ikaisha.
Nacheka hadi pumzi inapotea njia,
na kwa mita mia mbili nalisahau goti.

Darajani, Shangazi Lucyna,
mwiko mkono huu, mfuniko wa sufuria mkono ule,
na kila apitaye ni mwanawe:
"Haya mwanangu! Haya na wewe mwenye ndevu! Mkazane!"
Mimi ananipa kipande cha chungwa na onyo:
"Bata bukini yuko jikoni, usichelewe."
Nakitafuna na ganda lake.

Ya saba. Huku hakuna mtu.
Barabara ya kiwanda cha sukari,
kilichofungwa mwaka ule ule tuliomzika Mama.
Ukuta mrefu, upepo, viatu vyangu,
chap, chap, chap.
Hapa ndipo mbio zilipo; kule kwingine ni sherehe.
Goti linaniuliza swali moja, tena na tena.
Miaka thelathini Baba aliingia lango hili kabla ya mapambazuko,
mkate mkavu kwenye gazeti, theluji shingoni.
Hakuna aliyemsimamia konani na bango.

Kisha, langoni, mtu.
Koti la kazi. Kofia ya manyoya. Mikono nyuma,
kama anayesubiri zamu.
Hapigi makofi.
Ninapomkaribia anafungua koti
na kutoa glavu zake za sufu, alizozipasha joto tumboni.
Nadaka moja. Ya pili inadondoka.
Anainama, anaiokota,
na nashuhudia mbele za Mungu,
Baba anakimbia.
Hatua kumi, labda kumi na mbili, buti zikitwanga lami,
miaka sabini na nne, hafukuzwi na mtu,
ananifikia, ananibandika glavu kiganjani,
na kwa pumzi iliyobaki:
"Pole."

Sikujua kama ni pole ya kuliwaza
au ananiomba nipunguze mwendo.
Sikugeuka kuuliza.

Nilikuwa wa mia nne na kumi na tisa.
Medali aliichukua Kalina, akalala nayo.
Andazi la umbo la mwezi mchanga alilila Witek, akaniachia pembe.
Mimi nilibaki na glavu,
kubwa, zenye harufu ya tumbaku na vitunguu.

Mezani, bata keshakatwa,
Baba akalalamika, mdomo umejaa, kwamba kiuno kinamuuma.
"Mwiba wa kujichoma," nikaanza.
Shangazi akanikanyaga mguu chini ya meza.
Nikamwongezea Baba kabichi.
"Pole," nikasema,
naye hakuuliza ni ipi.